Magugu ya Uwanjani na Magugu ya Malishoni: Tuyajue kwa Mizizi Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli wenye kwao Tana River, waliokutana Garsen wakiwa likizoni. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Tumeombwa tuseme juu ya magugu. Wako ndugu waliocheka waliposikia habari hiyo. Walisema chama cha wafanyakazi kina mambo ya mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni, basi magugu yameingiaje? Tunawajibu hivi. Kila mmoja wetu aliyeketi hapa ana kazi mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa katika daftari ya zamu. Ya pili iko huku mtoni, ambako mke wake, mama yake na watoto wake hulima mpunga na ndizi, au huchunga ng'ombe na mbuzi. Zile fedha tunazozituma mwisho wa mwezi huenda wapi? Muulizeni mama yeyote aliyeko hapa. Atawaambia kwamba nyingi hulipwa vibarua wa kupalilia. Kwa hiyo gugu ni jambo la mshahara.

Tena sisi wa genge la njia tunalipwa kupigana na magugu. Nyasi zikijaa katika kokoto, maji hayapiti. Maji yasipopita, udongo chini ya mataruma hulainika, na njia hulegea. Mwenye kazi hiyo hujifunza kutazama chini. Reli haijafika Garsen, lakini yale tuliyojifunza kwenye kokoto yanafaa hapa, maana gugu halijui kama limeota stesheni au nyuma ya jiko.

Maneno yetu makubwa ni haya: kabla hujashika chombo cho chote, ling'oe gugu moja polepole, lioshe udongo, ulitazame mzizi wake. Yako magugu ambayo jembe huyaua, na yako mengine ambayo jembe huyazidisha. Anayeyapiga yote kwa namna moja hufanya kazi ya mwaka mzima, na mwakani huikuta vile vile.

Tuanze na uwanja wa nyumba, kwa kuwa ndipo macho yetu yanapofika kila asubuhi. Uwanja wa nyasi si pambo tu. Nyasi fupi huzuia vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, nyoka huonekana mapema, na mtoto hupata mahali pa kutambaa. Hapa Garsen, penye udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka na kunata viatuni mvua ikinyesha, nyasi hushika ardhi isiende na maji.

Nyasi yetu ya pwani ni ukoka. Ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini yake, kila kifundo hutoa mizizi, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyosongamana. Ndiyo sababu ukoka ulio uwanjani ni rafiki, na ukoka ule ule ukivuka kuingia katika mahindi ni adui. Anayelima karibu na uwanja wake na achimbe mfereji mwembamba kati ya uwanja na shamba, kina cha jembe moja, aupitie kila mwezi na kukata vitambaazi vinavyotaka kuvuka. Ni kazi ya nusu saa.

Katika viwanja vingi tumeona nyasi zimekatwa mpaka udongo unaonekana. Watu hudhani kwamba ukikata chini sana utakaa muda mrefu bila kurudi. Kumbe jua likiufikia udongo mtupu, mbegu za magugu zilizokuwa zimelala huamka. Acheni nyasi zibaki na urefu wa vidole viwili vilivyolazwa. Kateni mara nyingi, kidogo kidogo. Palipo na upara, pandeni vipande vya ukoka, kila kimoja futi moja kutoka kwa mwenziwe, mwanzo wa masika mwezi wa Aprili, mvua ikishalainisha ardhi. Magugu ya uwanjani yaliyo mengi hayawezi kushindana na ukoka uliofunga vizuri. Huu ndio ulinzi wa kwanza, na hauuzwi dukani.

Sasa magugu yenyewe. Yale yenye mzizi mmoja wa katikati, yanayoishi msimu mmoja tu, ni rahisi ukiyawahi. Mbigili kila mwenye baisikeli anaujua. Hutanda chini pande zote kutoka mahali pamoja, ua lake ni dogo la manjano lenye petali tano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, kila kipande na miiba yake. Ukiukata mzizi chini kidogo ya ardhi, umekwisha. Lakini sharti uukate kabla ua halijawa tunda. Ukichelewa, hiyo miiba ndiyo mbegu, na kuling'oa gugu bila kuiokota ni sawa na kupanda. Buruteni gunia kuukuu juu ya mahali hapo; miiba itanasa katika gunia, kisha lichomeni.

Kishona nguo, chenye mbegu nyeusi mfano wa sindano zinazoshika suruali, ni wa ukoo huo huo wa mzizi mmoja. Wengi wetu tumekisafirisha sisi wenyewe kutoka stesheni moja hadi nyingine pasipo tiketi. Mziwaziwa, ule mdogo ambao ukivunjwa hutoa maziwa meupe, huota penye njia ngumu iliyokanyagwa. Ukiuona kwa wingi, jueni udongo umeshindiliwa, basi pigeni uma wa jembe, mpande ukoka. Na lile gugu la majani manene yenye maji, shina jekundu limelala chini, ling'oeni lakini msiliache juu ya udongo wenye unyevu, maana hutoa mizizi tena likiwa limelala hapo hapo. Wako wanaolipika kama mboga, na hawakosei.

Ndugu wa njia tunawaonya juu ya gugu moja zaidi, ambalo hupenda sana kando za reli na barabara. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo, mengi. Wenzetu wa Arusha huliita gugu karoti. Asili yake ni nchi za Amerika, na Kenya imekwisha kulitangaza kuwa gugu baya kwa sheria. Mmea mmoja uliokomaa hutoa mbegu kwa maelfu. Tena humdhuru mtu: wako ambao wakilishika ngozi huwasha na kutoka vipele, na wengine kifua huwabana. Lisishikwe kwa mkono mtupu. Ling'olewe kabla ya kuchanua, kwa glavu, na mikono mirefu ya shati ishushwe.

Hayo yote ni magugu ambayo jembe likija mapema hushinda. Sasa tuje kwa ndago.

Watu wengi huiona ndago wakaiita nyasi. Si nyasi. Vunja kikonyo chake ukizungushe kati ya vidole: utahisi pembe tatu. Kikonyo cha nyasi ni cha mviringo. Majani ya ndago yanang'aa, yametoka chini kwa safu tatu, na juu huota kishada chenye rangi ya kahawia iliyoingia wekundu. Sasa chimba polepole, usivute. Utakuta kijiazi kidogo kama punje ya karanga. Kutoka hapo hutoka uzi mgumu mweusi, uzi huo huenda kwenye kijiazi cha pili, na cha pili kwenye cha tatu. Wamefungana kama mabehewa.

Fikirini basi inatokeaje mtu akija na jembe. Analikata jani na anaikata minyororo. Ule mnyororo ulipokuwa mzima, kijiazi cha mbele ndicho kilichoota, na vile vya nyuma vililala. Umewafungua. Sasa kila kimoja ni injini, kila kimoja huota peke yake. Mlikuwa na shina moja la ndago. Baada ya majuma mawili mna mashina manne, na mama anasema, Nimepalilia juzi tu! Hakusema uongo. Alipalilia kweli, na ndago ilimshukuru.

Je, tufanye nini? Kijiazi cha ndago kina akiba, na kila kinapotoa jani kinatumia akiba hiyo. Jani changa hula tu, halirudishi kitu chini. Likikaa wiki nne, tano, sita, ndipo linapoanza kujaza vijiazi vipya. Kwa hiyo anayepalilia ndago kila mwisho wa mwezi huipa nafasi ya kujilipa mshahara wake. Anayeikata kila baada ya wiki mbili, bila kuruka hata mara moja, huikuta inazidi kudhoofika, kwa kuwa inatoa tu, haiingizi. Kazi hii huchukua msimu, na pengine msimu na nusu. Hatuwezi kuwadanganya kwamba ni ya siku moja.

Msaada wa pili ni jua. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, lipindueni eneo lenye ndago kwa jembe la uma, kina cha shubiri moja, maana vijiazi vingi hukaa katika kina hicho. Viacheni juu vikiangaliwa na jua kali la Garsen siku kadhaa, mkivigeuza, kisha viokoteni. Kijiazi kilichokauka kabisa hakioti tena. Kazi hiyo hiyo ukiifanya wakati wa mvua umepanda ndago shamba zima. Tazameni basi jinsi chombo kimoja, mkono mmoja, na gugu moja, huleta uzima au kifo kwa kutegemea mwezi.

Msaada wa tatu ni kivuli. Ndago haipendi kivuli hata kidogo. Pandeni kunde au viazi vitamu vitande juu yake. Msimu mmoja wa viazi vitamu vilivyofunga vizuri hufanya kazi ambayo kibarua wa siku kumi hakuifanya, na juu ya hayo mnakula.

Sasa tuseme juu ya dawa, na hapa tunaomba ndugu wasikilize kama wanachama wa chama, si kama wakulima tu. Dawa za kuua magugu ziko, na baadhi yetu tumezibeba mgongoni kwa bomba tukizipuliza kando ya njia. Ile iitwayo glifosati huingia katika jani na kushuka mpaka kwenye kijiazi, kwa hiyo yaweza kuidhuru ndago ikiwa changa na yenye majani mazima. Lakini huua na ukoka. Atakayeipuliza uwanjani atakuwa na uwanja wa udongo. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi hazikubali hivyo, na mabishano yanaendelea. Mfanyakazi asingoje mabishano yaishe ndipo avae glavu.

Iko nyingine, parakwati, na hii hatuna mabishano nayo. Kimezwa kiasi kidogo tu, mtu hufa, na hakuna dawa ya kuitoa sumu hiyo mwilini. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuitumia mwaka 2007. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Isiwekwe jikoni. Mtoto haulizi kilichomo ndani ya chupa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga anaposhika vitu vyenye madhara. Mwanachama anayetumwa kupuliza dawa bila glavu, bila viatu virefu, bila kitu cha kuziba pua na macho, ana haki ya kudai avipate kwanza. Aseme kwa adabu, aseme mbele ya shahidi, na amwambie mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Tena aangalie upepo, asile wala asivute sigara mpaka amenawa, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Yule anayepuliza shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai, lakini mapafu yake ni yale yale.

Sasa, ndugu, tumefika kwenye gugu ambalo kwa kweli ndilo lililotukutanisha. Mathenge.

Mathenge si gugu la uwanjani, atasema mtu. Tembeeni kutoka hapa mkatazame. Umeota penye viwanja vya mpira, umeota nyuma ya vyoo vya shule, umeota kando ya barabara, na ulipoota mmoja mdogo katika ukoka mwaka huu, baada ya miaka michache nyasi imekufa chini yake na mbuzi hapiti. Majani yake yafanana na ya mgunga, miiba yake imesimama wawiliwawili, ua lake ni la manjano lililorefuka kama kidole, na maganda yake yakiiva huwa ya manjano, matamu.

Nao haukuja wenyewe. Uliletwa Kenya mwaka 1973, huko Bamburi karibu na Mombasa, kuotesha miti katika machimbo yaliyoachwa, kwa mbegu za kutoka Brazil na Hawaii. Mwanzo wa miaka ya 1980 ukapandwa sehemu kavu: Baringo, Turkana, na hapa kwetu Tana River, pande za Bura na Hola. Sababu ilikuwa njema. Skimu ya Bura ililetwa watu wengi walime pamba, nao walihitaji kuni. Msitu wa kando ya mto ungekwisha. Mti unaoota haraka penye ukame na chumvi, unaotoa kuni nzuri, nani angeukataa? Waliouleta hawakuutazama mzizi wake wala tumbo la mbuzi.

Maana mbegu ya mathenge husafiri kwa njia mbili. Ng'ombe na mbuzi hula ganda, mbegu hupita tumboni pasipo kusagwa, na hutoka mahali pengine tayari kuota, tena ndani ya samadi. Njia ya pili ni maji. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1997 hadi 1998, na 2018, na 2023 hadi 2024, maganda huelea na kushuka nao. Kila mahali maji yalipokomea, pana mstari wa miche. Sisi wa Garsen tuko chini ya mto. Kila kilicho juu yetu hushuka kwetu.

Ndugu wa Baringo walitaabika mbele yetu. Mbuzi wao walikula maganda hayo mengi mpaka meno yakaoza na kung'oka. Mwaka 2006 watu wa Ilchamus walikwenda mahakamani, nao wakamchukua mbuzi kibogoyo awe shahidi. Magazeti yalicheka. Lakini mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu baya chini ya sheria ya kuangamiza magugu, Sura ya 325.

Kwetu hapa hasara ni ya namna nyingine pia. Mnaijua malka, ile njia ambayo mifugo hupita kwenda kunywa maji mtoni. Malka ikizibwa na mathenge, mchungaji hufanya nini? Ng'ombe wana kiu. Atapita penye uwazi, na penye uwazi ni shamba la mtu. Hatusemi kwamba gugu ndilo lililoleta vita vya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, ambavyo watu zaidi ya mia moja waliuawa katika nchi hii ya delta. Mambo yale yalikuwa mengi, na ya ardhi, na ya siasa. Tunasema tu kwamba njia ya maji iliyozibwa ni kuni kavu, na sisi wa reli, Wapokomo na Waorma na Wagiriama katika genge moja, tunaojua kusaidiana kuinua reli, hatuna udhuru wa kuiacha.

Akina mama wanajua pia habari ya mbu. Katika nchi ya Mali wataalamu waliangalia vijiji tisa katika wilaya ya Bandiagara, wakaondoa matawi yenye maua ya mathenge katika vijiji vitatu. Mwaka 2017 walitangaza kwamba mbu walionaswa katika vijiji hivyo walipungua kwa karibu theluthi mbili, kwa sababu mbu wakubwa hunywa maji matamu ya maua hayo. Anayelala Garsen bila chandarua hahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa mzizi. Ukiukata mathenge kwa panga juu ya ardhi, hujaukata, umeupogoa. Pale penye shingo, kati ya shina na mzizi, yamelala macho mengi. Shina moja likikatwa hutoka matawi sita, manane, yamesongamana kuliko kwanza, na sasa hata panga haliingii. Vichaka vingi tunavyoviona hapa vimefanywa hivyo na panga zetu. Sharti uchimbe kuuzunguka kwa sururu, ukafike shubiri moja na zaidi chini ya ardhi, ukate mzizi mkuu chini ya ile shingo, na kuitoa shingo yote nje. Shimo moja la mti mnene ni kazi ya watu wawili kwa mtaimbo na shoka. Mche wa wiki chache, mvua ikiwa imenyesha jana, mtoto hung'oa kwa vidole viwili. Hapo ndipo penye hesabu: miche kwanza, kila baada ya mvua na kila baada ya mafuriko, pembezoni mwa kichaka, kichaka kikubwa baadaye, kutoka ukingoni kwenda ndani. Anayeanza katikati ya kichaka atachoka, na ukingo utakuwa umetembea.

Maganda yakusanywe kabla ya kuliwa na mifugo. Yakisagwa mashineni mpaka mbegu zivunjike, unga wake hulisha ng'ombe na mbuzi ukichanganywa na chakula kingine, wala hauoti. Mifugo iliyokula maganda mabichi izuiliwe zizini kama wiki moja kabla ya kupelekwa malisho safi, na samadi yake itazamwe. Kuni na makaa ya mathenge ni mazito, moto wake hudumu, nguzo zake ni ngumu. Yauzwe, gharama ya glavu irudi. Lakini muwe na macho: mchoma makaa hupenda kisiki kiote tena, apate kukata mwakani. Kama mnampa mtu ruhusa ya kukata katika ardhi yenu, mwandikiane kwamba atoe na visiki.

Ndugu mmoja ameuliza kama hakuna mdudu wa kuula, kama wale waliotiwa katika ziwa pale Kisumu miaka ya 1990 kula gugu maji. Afrika Kusini walianza mwaka 1987 kuachia mdudu anayekula mbegu za mathenge. Amesaidia kidogo, lakini mbuzi na ng'ombe huyala maganda kabla mdudu hajamaliza kazi. Kwa hiyo mdudu hawezi kutuondolea sururu.

Na mama mmoja ameuliza juu ya chumvi, kwamba aliambiwa amwage chumvi juu ya ndago. Mama, usimwage. Chumvi itaua ukoka wako, itaharibu udongo, na ndago itakuwa ya kwanza kurudi. Viazi vitamu ni bora.

Basi, Bwana Mwenyekiti, tumekubaliana na wazee wa pande zote mbili za barabara kwamba tutaanza na malka iliyo karibu zaidi, Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kubwa, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Kila aliye likizoni aje na viatu vizito, maana mwiba wa mathenge hupenya ndala na hata tairi, na jeraha lake huoza. Atakayechomwa asingoje, aende zahanati siku hiyo. Sururu tano, mitaimbo miwili na mashoka vitatoka kwa wanachama, na vitaandikwa katika daftari kwa jina la mwenye navyo. Vijana watang'oa miche mbele, watu wazima watafuata na visiki, na wachungaji wataonyesha mpaka wa njia upana uwe kiasi gani. Walio zamu wakati huo watume jina la ndugu atakayesimama mahali pao. Katibu amekaa pale mlangoni na kalamu.